Mpaka wa Chuo Uko Makongeni

Laptopu ya mwanafunzi anayepanga chumba Makongeni, mtaa wa hapa Thika, aghalabu ni mtumba. Ilianzia ofisi fulani Uingereza, ikatumika miaka mitatu minne, ikaondolewa, ikasafirishwa hadi Nairobi, kisha ikaingia dukani Thika mjini ikiwa imepanguswa vumbi na kubadilishwa betri. Mashine hizi ni imara, na bei yake ndiyo iliyowawezesha vijana wengi wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya hapa Thika na wa JKUAT kule Juja kuandika tasnifu zao vyumbani badala ya kupanga foleni kwenye saiba. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuitunza bure Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015, na laptopu nyingi za aina hiyo haziruhusiwi kuhamia Windows 11.

Mfumo endeshi ndio unaogawa kumbukumbu ya kompyuta, unaozungumza na diski, printa na mtandao, na unaoamua programu ipi iguse faili lipi. Kwa kuwa kila kitu hupitia humo, tundu moja tu linaweza kumpa mtu aliye mbali mamlaka juu ya mashine nzima. Ndiyo maana Microsoft hutoa viraka kila Jumanne ya pili ya mwezi. Tatizo ni kwamba Windows 11 na Windows 10 zina msimbo mwingi wa pamoja. Kiraka cha Windows 11 kinapotoka, wadukuzi hulinganisha faili la kabla na la baada, wakaona palipobadilika, kisha wakaenda kupajaribu kwenye Windows 10. Fikiria ploti mbili za Makongeni zilizojengwa kwa ramani moja: fundi akiziba ufa wa ukuta wa nyuma katika ile ya kwanza mchana kweupe, mwizi amekwishaonyeshwa pa kugonga katika ile ya pili.

Tulishaona gharama ya kukosa kiraka. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa katika sehemu ya Windows inayoshughulikia kushiriki mafaili mtandaoni. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu hasidi ya WannaCry ikapita kwenye tundu hilo, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Haikuhitaji mtu abofye chochote. Ilitambaa yenyewe kutoka mashine hadi mashine, ikafikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Uingereza peke yake, takriban miadi 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Kiraka kilikuwapo kwa miezi miwili. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamekiweka, na wale waliokuwa na mifumo iliyokwisha muda.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna vyuo vingi vinavyopanga kazi ya kuhama Windows 10. Mpango wa kawaida huhesabu kompyuta za maabara, za maktaba na za ofisi ya fedha, ukafungwa hapo. Ilhali kila asubuhi laptopu hutoka vyumbani Makongeni, zikavuka mji na kuunganishwa kwenye Wi-Fi ya chuo. Kuna hata eduroam, inayosimamiwa nchini na KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti: mwenye akaunti ya chuo kimoja mwanachama anaweza kuingia mtandaoni akiwa katika chuo kingine. Mpaka wa chuo, kwa lugha ya usalama wa kompyuta, hauko getini. Uko kitandani kwa mwanafunzi, pale laptopu inapochajiwa usiku.

Kwa nini basi asihamie Windows 11 tu? Masharti ya kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64 hayasumbui wengi. Kinachokwamisha ni prosesa. Chukua HP EliteBook 840 G3, laptopu iliyozoeleka sana katika soko letu la mitumba. Ukifungua sehemu ya maelezo ya mfumo katika mipangilio yake, mara nyingi utasoma i5-6200U au i5-6300U. Katika namba kama hizi, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi cha prosesa: hiki ni cha sita. Kwa upande wa Intel, Windows 11 hukubali kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa mashine chache za kizazi cha saba. Ndugu yake 840 G5, yenye i5-8250U au i5-8350U, inakubalika. Kwa macho, mashine hizi mbili hazipishani sana, na muuzaji asiye mwaminifu analijua hilo.

Sharti jingine ni TPM 2.0, chipu au sehemu ya prosesa inayotunza funguo za siri mbali na programu za kawaida, ili hata mfumo ukivamiwa, funguo zisichukuliwe kirahisi. Fundi atakuambia kwamba anaweza kuruka masharti haya yote na kukuwekea Windows 11 jioni hiyohiyo. Ni kweli anaweza. Ila Microsoft haimhakikishii mwenye mashine ya namna hiyo kwamba ataendelea kupata viraka, na viraka ndivyo vilivyotufanya tuhame.

Ndani ya chuo kwenyewe, kazi ngumu si kuweka mfumo mpya bali kujua kitakachovunjika. Printa ya zamani ya idara inaweza kukosa programu ya kuiendesha. Toleo kuukuu la SPSS ya takwimu au la AutoCAD ya michoro ya kihandisi linaweza kugoma, na mhadhiri akaligundua hilo siku ya somo. Kwa hiyo wataalamu huanza na kundi dogo la mashine, moja kutoka kila idara, wakazitumia kwa kazi halisi kwa wiki kadhaa kabla ya kugusa nyingine. Mtandao nao una hesabu yake. Faili la Windows 11 lina gigabaiti 5 hivi. Maabara yenye kompyuta 100, kila moja ikijipakulia, itavuta gigabaiti 500. Windows ina utaratibu wa kuziruhusu kompyuta za jengo moja kupokezana vipande vilivyokwisha kupakuliwa, nao unapaswa kuwashwa mapema, wakati wa likizo, si wiki ya mitihani.

Jambo moja naliona likipuuzwa sana. Matoleo mapya ya Windows 11 yakisakinishwa upya, mara nyingi husimba diski yenyewe mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kuiokoa huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Kama akaunti ilikuwa ya fundi, na siku moja mashine ikaomba ufunguo huo, tasnifu ya miaka minne imekwenda.

Kwa wenye kizazi cha sita na cha saba, njia ya kudumu ipo: mfumo endeshi wa Linux. Aina yake mojawapo, Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, inatunzwa bure kwa miaka mitano, na R, Python na LibreOffice hufanya kazi humo vizuri. Mwanafunzi wa uhandisi anayetegemea AutoCAD ataikosa. Wa takwimu anayetumia R, au wa lugha, hatapungukiwa na kitu.

Nawasihi wakuu wa vitengo vya TEHAMA: siku ya usajili, muulizeni kila mwanafunzi kizazi cha prosesa yake, na wekeni meza ya kumsaidia kunakili mafaili na kubadilisha mfumo bila malipo. Wakati kazi hiyo ikiendelea, vyuo vinaweza kununua viraka vya nyongeza vya Windows 10 kwa mashine zao kwa dola 1 kila moja mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili na dola 4 wa tatu. Mwanafunzi mwenye laptopu yake binafsi anaweza kuvipata bure kwa kujiandikisha kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yake ihifadhiwe huko. Muda huo wa nyongeza kwa watu binafsi ulipangwa ufike hadi tarehe 13 Oktoba 2026.