Programu Ilitii, Ndege Ikaanguka

Hapa Majengo, Moshi, ninapoishi, wenzangu wanaosoma kompyuta hupenda kusema: programu ikipita majaribio yote, kazi imekwisha. Kwa programu ya kuagiza chipsi, sawa. Kwa ndege, hapana, na mfano uko jirani kabisa.

Tarehe 10 Machi 2019, ndege namba 302 ya Shirika la Ndege la Ethiopia, aina ya Boeing 737 MAX, iliruka Addis Ababa kwenda Nairobi. Dakika 6 baadaye ikaanguka karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa, wakiwemo Wakenya 32. Oktoba 2018 ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilianguka Indonesia, wakafa 189.

Ajali zote mbili zilihusisha programu iitwayo MCAS. Kazi yake ni kuinamisha pua ya ndege inapohesabu kwamba imeinuka kupita kiasi. Ilisikiliza kihisi kimoja tu. Kihisi kikadanganya, nayo ikaamini. Rubani akiinua pua, yenyewe inaishusha tena.

Je, msimbo ulikosewa? Hapana. MCAS ilifanya kile ilichoagizwa. Kosa lilikuwa kwenye agizo.

Programu za ndege hupimwa kwa kiwango cha DO-178C, chenye madaraja A hadi E. Ambayo hitilafu yake yaweza kuangusha ndege ni A; isiyo na athari kwa usalama ni E. Daraja likipanda, ushahidi unaodaiwa unaongezeka: msimbo uoneshe agizo lililouzaa, na agizo liwe na jaribio lake. Ila daraja lenyewe hutokana na tathmini ya hatari. MCAS iliongezewa uwezo wa kusogeza mkia kutoka nyuzi 0.6 hadi 2.5 kwa mkupuo, lakini tathmini haikurudiwa ipasavyo.

Marekani iliziruhusu MAX tena Novemba 2020. Sasa MCAS hulinganisha vihisi viwili, na rubani anaweza kuishinda nguvu. Oktoba 2023 Air Tanzania ilipokea MAX 9, kwa hiyo jamani, hili ni letu pia.

Kesho baadhi yetu tutakuwa wakaguzi TCAA, wengine tutaandika mifumo ya hospitali. Ukiletewa ripoti ya majaribio, omba na karatasi ya maagizo. Kisha uliza: taarifa inayoingia ikiwa ya uongo, mfumo utafanya nini, na nani anaweza kuuzima?