Wepesi wa Fokasi ya Kamera: Nani Apimaye, na Hupima Nini?

Mwaka 1930 Ranchhod T. Oza alianzisha Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mpiga picha wa enzi hizo alitafuta fokasi kwa mkono: alisogeza lenzi, akatazama taswira, akakadiria umbali. Picha ikitoka na ukungu, hakuwa na wa kumlaumu ila jicho lake. Mwaka 1977 kampuni ya Konica ya Japani ilitoa C35 AF, kamera ya kwanza iliyotengenezwa kwa wingi yenye uwezo wa kujitafutia fokasi. Mwaka 1985 Minolta ilitoa kamera yake ya 7000, iliyowafikishia uwezo huo watumiaji wa kamera zenye lenzi za kubadilishwa. Kazi ya jicho na mkono ikakabidhiwa mtambo, na wepesi wa mtambo huo ukawa sifa ya kutangazwa sokoni.

Leo mpiga picha wa harusi wa Unguja anayetaka kununua kamera huletewa ushahidi wa aina mbili: tarakimu za kampuni, na sifa zinazotolewa na wapiga picha mashuhuri ambao kampuni huwafadhili. Kamera na lenzi yake huweza kumeza mapato ya miezi mingi, na bibi harusi hatolewi ndani mara ya pili kwa sababu kamera ilichelewa. Yafaa basi kuuliza ushahidi huo una uzito gani.

Kamera hutafutaje fokasi?

Lenzi mbonyeo hukusanya miale ya nuru na kujenga taswira nyuma yake. Kitu kikiwa mbali, taswira hujengeka karibu na lenzi. Kitu kikisogea karibu, taswira hurudi nyuma zaidi. Kwa hiyo lenzi haina budi kusogezwa mpaka taswira iangukie barabara juu ya kihisi, yaani bamba la elektroniki lililochukua nafasi ya filamu.

Kamera hutumia njia mbili kuu. Ya kwanza ni kupima tofauti baina ya weusi na weupe katika taswira. Tofauti hiyo huwa kubwa kabisa fokasi inapokuwa sawa. Lenzi husogea, hupita kilele, kisha hurudi, mfano wa mtu atafutaye stesheni ya redio kwa kuzungusha kitufe. Njia ya pili ni kukitazama kitu kupitia pande mbili za lenzi, kama tutazamavyo kwa macho mawili. Taswira hizo mbili zisipolingana, kamera hutambua mara moja lenzi iende upande gani na kwa kiasi gani. Njia hii ndiyo ya haraka zaidi.

Njia zote mbili zahitaji mwanga, na zote zahitaji kitu chenye mistari au alama. Mlango wa Mji Mkongwe uliotiwa nakshi na njumu za shaba huipa kamera alama tele, nayo hupata fokasi papo hapo. Ukuta mtupu wa chokaa ulio kando ya mlango huo huweza kuifanya kamera ile ile ihangaike. Tena, baadhi ya kamera huona vizuri mistari iliyosimama kuliko iliyolala. Zikielekezwa kwenye upeo wa bahari huko Nungwi hushindwa, lakini zikigeuzwa ubavu hufaulu.

Tarakimu moja haitoshi

Mwaka 2018 kampuni ya Canon iliitangaza kamera yake ya EOS R kuwa hupata fokasi kwa sekunde 0.05. Mwaka 2019 Sony iliitangaza α6400 kwa sekunde 0.02. Tarakimu hizo zilitokana na vipimo vya kampuni zenyewe. Katika tanbihi yake Canon ilitaja masharti ya kipimo, yakiwamo aina ya lenzi na mwanga wa kiwango cha EV 12, ambao ni sawa na kivuli cha nje wakati wa mchana. Tanbihi hiyo haina hila yoyote. Ila wasomaji wengi huiruka.

Katika kipimo cha EV, kila hatua moja ya kushuka hupunguza mwanga kwa nusu. Tuseme usiku, katika kichochoro chenye taa hafifu, mwanga ni EV 4. Tumeshuka hatua 8, na 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 8 hutoa 256. Mwanga huo ni sehemu moja tu kati ya 256 za ule uliotumika katika kipimo. Ahadi ya sekunde 0.05 haikutolewa kwa hali hiyo.

Hata penye mwanga wa kutosha, hesabu nyingine yatungoja. Baiskeli iendayo kilomita 18 kwa saa husogea mita 5 kwa sekunde. Katika sekunde 0.05 imekwisha kusogea sentimita 25. Sasa chukua kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 85 na tundu la f/1.8. Kwa kitu kilicho umbali wa mita 3, eneo litakaloonekana dhahiri lina kina cha sentimita 13 hivi. Mwendesha baiskeli anayekuja mbele ya kamera amekwisha kulivuka. Kwa hiyo kuwahi peke yake hakutoshi. Kamera lazima ibashiri kitu kitakuwa wapi kilango kitakapofunguka.

Hapo twaona kwamba neno wepesi hubeba mambo matatu: kuipata fokasi mara ya kwanza, kukifuata kitu kinachokwenda, na kutokosea picha baada ya picha. Tarakimu ya tangazo hueleza la kwanza tu. Kijana anayejirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani jioni, au kima punju anayeruka matawi katika msitu wa Jozani huku majani yakimkinga, huijaribu kamera katika la pili na la tatu.

Ushahidi wa anayefadhiliwa

Wahenga walisema mwamba ngoma huvuta kwake. Mpiga picha anayefadhiliwa si lazima awe mwongo. Huenda akasema kweli tupu, na bado msomaji akapotoka. Huchagua mahali penye mwanga mzuri. Hupiga picha 1,000, akaonyesha 10 zilizofaulu. Haweki kamera ya mshindani kando ya hiyo. Tena ajua kwamba akilaumu mno, huenda kamera ijayo akapewa mwingine.

Wakati mwingine hata ukweli wenyewe hukosekana. Mwaka 2012 kampuni ya Nokia iliomba radhi baada ya kugundulika kwamba filamu ya kutangaza uwezo wa simu ya Lumia 920 wa kutuliza mtikisiko haikupigwa kwa simu hiyo. Kioo cha dirisha ndani ya filamu kilionyesha kivuli cha mpigaji na kamera yake.

Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitoa mwaka 1980 miongozo inayomtaka msifu bidhaa aeleze uhusiano wake na muuzaji. Ikairekebisha mwaka 2009 na 2023. Utaratibu huo ni mwema, lakini tuelewe mpaka wake: tamko la ufadhili latuambia nani anasema. Halituambii kamera ilifaulu mara ngapi kati ya ngapi.

Jaribio la kufanya shuleni

Jaribio hili lahitaji baiskeli, chaki, na kamera au simu mbili.

1. Chora mstari wa mita 20. Mwanafunzi aendeshe baiskeli kwa mwendo usiobadilika kuelekea kwa mpigaji, ambaye asimame kando kidogo ya njia kwa usalama.
2. Kila kamera ipige picha 10 mfululizo kwa kila safari. Fanya safari 5 mchana na 5 jioni. Kama kamera yaruhusu, kilango kifunguke kwa 1/500 ya sekunde au pungufu.
3. Mwanafunzi asiyejua picha imetoka kamera gani azikague zote. Uso ukiwa na ukungu na ardhi ya nyuma ikiwa dhahiri, fokasi imekosea. Vitu vyote vikiburuzika upande mmoja, kamera ilitikisika. Picha hiyo isihesabiwe kuwa kosa la fokasi.
4. Andika idadi ya picha dhahiri kati ya zote, mchana na jioni mbalimbali.

Kamera moja ikipata picha dhahiri 42 kati ya 50 na nyingine 40, tofauti hiyo huweza kuletwa na bahati tu. Rudia jaribio kabla ya kuhukumu. Ikiwa ni 42 kwa 20, hapo kuna jambo la kuelezwa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mkaguzi wa picha asijue kamera iliyotumika?
2. Msifu kamera akionyesha picha 10 nzuri, ni tarakimu gani inayokosekana?
3. Taja bidhaa nyingine inayotangazwa kwa tarakimu moja, na masharti ambayo mnunuzi angepaswa kuyauliza.