Noeli Si Siku Moja

Neno kwa jamaa za Mavivi na jirani zao

Mwezi wa Desemba ukifika, maswali nyumbani huwa yale yale. Tutapika nini? Watoto watavaa nini? Nani atakuja kututembelea, na fedha zitatoka wapi? Maswali hayo ni ya haki. Lakini hapa Mavivi, na katika vijiji vyote vya barabara itokayo Beni kwenda Oicha, liko swali jingine ambalo wengi hulifikiri wala hawalisemi: Tutafurahije, nasi tungali na huzuni?

Swali hili lina sababu zake. Tangu Oktoba 2014 wauaji wa kundi la ADF wamerudia mara nyingi kushambulia vijiji vya Beni. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wa Tanzania wasiopungua 14, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, waliuawa kambini kwao Semuliki. Jamaa zao wakaipata Noeli ile wakiwa matangani. Noeli ya 2018 ilitukuta katika ugonjwa wa Ebola, watu wakifundishwa kunawa mikono kila mlangoni na kusalimiana bila kushikana mikono. Ugonjwa ule ulipotangazwa kwamba umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287. Kisha, siku yenyewe ya Noeli ya 2021, bomu lililipuka katika mkahawa mjini Beni, likawaua watu wasiopungua 5 waliokuwa wakisherehekea.

Basi mtu akisema, "Mwaka huu sina moyo wa Noeli," tusimwambie kwamba imani yake ni haba. Afadhali tutazame pamoja naye kalenda ya Kanisa.

Kalenda yajua kulia

Wengi hudhani Noeli ni siku moja, nayo ni siku ya kucheka tu. Sivyo. Tarehe 25 Desemba twaimba kuzaliwa kwa Mwokozi. Kesho yake twamkumbuka Stefano, aliyeuawa kwa mawe. Na tarehe 28 ni sikukuu ya Watoto Watakatifu, wale wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode. Yosefu aliondoka usiku pamoja na Mtoto na mama yake, akakimbilia Misri. Nani katika nchi yetu asiyeelewa maana ya kuondoka usiku, mtoto mgongoni, bila kujua utarudi lini?

Baadaye yaja mwezi wa Januari. Tarehe 1 ni sikukuu ya Maria Mama wa Mungu, na tangu 1968, kwa agizo la Papa Paulo wa Sita, ni siku ya kuombea amani duniani pote. Halafu yafika Epifania, ambapo wageni wa mbali wanamjia Mtoto na kupokewa.

Mwaona? Mama Kanisa hakuichanganya furaha na huzuni katika chungu kimoja, wala hakuifukuza huzuni mlangoni. Kila moja ameipa siku yake. Nasi tufanye vivyo hivyo nyumbani. Tarehe 25 iwe ya watoto: waimbe, wale, wacheze. Tarehe 28 jioni, washeni mshumaa, mtaje majina ya marehemu wa jamaa yenu, na mzee mmoja aeleze habari zao: huyu alipenda kufanya mzaha, yule alipanda mwembe ule. Mwenye kulia na alie. Mtu aliyepewa siku ya kulia hataona haya kucheka siku nyingine.

Mama naye ana sikukuu

Tuseme neno juu ya mama wa nyumba. Siku ya Noeli wote hupumzika, isipokuwa yeye. Alfajiri yuko kisimani, kisha atwanga sombe, kisha aipika kwa saa nyingi, kisha apakua, kisha aosha vyombo. Jioni watu wanasifu chakula, naye hana nguvu hata ya kusali. Je, hiyo ndiyo heshima tunayompa mama siku tunapomheshimu Mama wa Yesu?

Baba, gawa kazi tangu siku iliyotangulia. Wavulana wachote maji na kupasua kuni. Mikono yao haitavunjika. Wasichana wasibebeshwe kazi zote peke yao. Wewe mwenyewe nenda sokoni, ujue bei ya mafuta ya mawese na ya samaki wa Vitshumbi. Na chakula kikiisha kuiva, mama aketi kwanza.

Fedha nazo zina mipaka. Sikukuu ya mkopo huliwa siku moja, hulipwa miezi mitatu. Aliyevuna kakao mwaka huu akumbuke ya kuwa Januari watoto warudi shuleni, na daftari haziliwi pamoja na kuku. Wali na maharage yaliyopikwa kwa upendo hayamwaibishi Mtoto aliyelazwa horini.

Tena mwangalie pombe. Mwenye msiba huitafuta ili asahau. Kumbe asubuhi huzuni yamngoja palepale, nayo imeleta mwenzake, aibu. Mwenye moyo mzito na apate usingizi wa kutosha, ale hata kama hana hamu, na asikae peke yake siku nzima. Na kama usingizi wamkimbia wiki kwa wiki, aende kumwona mwuguzi au padri, aseme yaliyo moyoni. Kufanya hivyo si udhaifu. Mguu uliovunjika twaufunga. Kwa nini moyo uliovunjika tuufiche?

Nani hana mahali?

Kwa Wanande hata jina la mtoto huonyesha nafasi yake ya kuzaliwa: mwana wa pili huitwa Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Kila mmoja amehesabiwa, hakuna aliye wa ziada. Desturi hiyo ni nzuri. Yafaa tuipanue mpaka kwa wale wasiozaliwa nyumbani mwetu.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mkimbizi aliyeacha shamba lake nyuma, jembe angeweza kulishika, shamba ndilo hana. Usimhesabie siku. Wala usimpe chakula tu kama mtu anayelipa kodi. Mwombe aongoze sala, aimbe wimbo wa kijiji chake, mkewe apike kama wapikavyo kwao. Anayepokea siku zote huinama. Anayepata nafasi ya kutoa husimama wima. Na mtoto wa mkimbizi asiwe mchota maji wakati watoto wa nyumba wanakula.

Jirani Mprotestanti mwalike. Jirani Mwislamu mwalike pia, nawe umwombe achinje yeye kuku, ili ale bila wasiwasi. Mjane, mzee asiye na wana, Mmbuti apitaye njiani: hao wote ni wageni wa horini.

Tukumbuke pia somo la wakati wa Ebola. Waliopona walikimbiwa na wengi, wengine hata na ndugu zao. Lakini huko Beni na Butembo palifunguliwa nyumba za kulelea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa, na walezi walikuwa ni hao hao waliopona, kwa sababu miili yao ilikwisha kupata kinga. Mtu aliyeogopwa na kijiji ndiye aliyeweza kumbeba mtoto ambaye hakuna mwingine aliyethubutu kumgusa. Basi kabla ya kumfungia mtu mlango, fikiri: labda yeye ana kitu ambacho nyumba yako inakihitaji.

Shukrani yenye jina

Usiku wa tarehe 31 Desemba twamshukuru Mungu kwa mwaka unaokwisha. Lakini shukrani isiyo na jina hupita kama moshi. Kila mmoja, hata mtoto, na amtaje mtu mmoja na tendo moja: mkunga aliyekesha, mwalimu aliyefundisha chini ya mti, mwenye pikipiki aliyembeba bibi siku ya kukimbia bila kudai franka. Na kesho yake watoto waende kumwambia mtu huyo kwa kinywa chao.

Ila tujihadhari na jambo moja. Usimwambie aliyefiwa, "Shukuru, maana wewe u mzima." Neno hilo lamfunga kinywa. Keti karibu naye kwanza. Shukrani yake itakuja kwa wakati wake, nayo itakuwa ya kweli.

Na parokia ikipanga Misa ya mkesha isomwe mchana kwa ajili ya usalama wa watu, tusinung'unike. Yesu hana saa anayoona haya kuzaliwa.

Wazazi, hesabuni viti vyenu mapema, kisha ongezeni kimoja. Noeli njema kwenu nyote.