Picha Nayo Yaweza Kusema Uongo

Tukiona picha gazetini huwa tunasema, "Hili ni kweli, tumeliona kwa macho." Lakini tuwe waangalifu.

Mwaka 2003 kulikuwa na vita nchini Iraki. Brian Walski, mpiga picha wa gazeti la Los Angeles Times la Marekani, alipiga picha za askari wa Uingereza na raia karibu na mji wa Basra. Kisha akaunganisha picha mbili kwa kompyuta, zikawa moja nzuri zaidi. Watu wakagundua. Kumbe baadhi ya raia walionekana mara mbili! Akafukuzwa kazi.

Askari alikuwa wa kweli. Raia walikuwa wa kweli. Lakini tukio halikuwa hivyo.

Kuongeza mwanga kidogo ili sura ionekane si vibaya. Kuongeza mtu, kumwondoa au kumhamisha ni uongo.

Siku hizi hata sisi vijijini tunapiga picha kwa simu. Mkutano ukihudhuriwa na watu kumi, tusiwafanye mia. Na tukiletewa picha tuulize: Nani kaipiga? Wapi? Lini?