Kompyuta Imekufa, Picha Ziko Hai: Usikubali Fundi Atupe Diski ya Kitambo

Kama umewahi kukaa huku Fort Ternan unajua radi yetu haibishi hodi. Mwaka jana ilipiga jioni moja, stima ikaruka, na kompyuta ya mezani ya mjomba ikazima jumla. Hiyo mashine ni ya enzi za Windows XP, mifupa kabisa. Na mifupa huku si jambo geni, maana ni hapa Louis Leakey alipata mabaki ya Kenyapithecus, ya miaka kama milioni 14. Shida ni kwamba ndani ya mifupa ya mjomba kulikuwa na picha zote za kogo kabla atuache. Kopi kwingine? Zii.

Fundi mmoja akaicheki dakika mbili akasema, "Hii imeenda, nunueni ingine." Manze, hapo ndipo wengi hupoteza vitu. Kompyuta kufa si diski kufa. Radi inaweza choma pawa saplai na bodi, na diski ibaki fiti.

Basi chomoa stima, fungua kasha, angalia waya unaoingia kwa diski. Ukiwa mpana kama utepe, na tundu lina pini 40, hiyo ni IDE. Ukiwa mwembamba, ni SATA, ambayo ilianza kuingia sokoni 2003. SATA ya zamani unachomeka kwa kompyuta mpya ya mezani bila stori. IDE, mashine za sai hazina tundu lake, kwa hivyo unahitaji adapta ya kwenda USB. Laptopu pia, tumia adapta.

Hapa ndio nilichomeka. Nilinunua adapta ya bei ya chini Kericho mjini, nikaunganisha, diski ikakaa kimya kama jiwe. Mjomba akatoka nje bila kusema kitu. Kumbe diski ya mezani, ile ya inchi 3.5, inataka volti 12, na USB hutoa volti 5 tu. Ile ndogo ya laptopu, inchi 2.5, inatosheka na USB. Kubwa lazima adapta yake ije na chaja ya kuchomeka ukutani. Nauli ingine ya Kericho, hiyo ikaenda.

Usijaribu kuwasha kompyuta mpya kwa kutumia Windows iliyo kwa diski ya kitambo. XP ilizoea bodi yake ya zamani. Ukiipatia bodi ingine, mara nyingi utaona skrini ya bluu yenye kosa linaloishia na 7B. Windows za juzi hujaribu kuzoea, lakini sisi tulitaka picha, si Windows. Chomeka kama flashi, kopi, maliza.

Sasa sikiza vizuri. Laptopu ikikuambia diski lazima ifomatiwe ndio itumike, bonyeza Cancel. Hiyo haimaanishi iko tupu, inamaanisha laptopu imeshindwa kuisoma. Ikikunyima ruhusa ya kufungua folda, usishtuke, folda ilikuwa ya akaunti ya ile mashine ya zamani. Tumia akaunti ya msimamizi, ubonyeze Continue. Na ukisikia diski ikigonga tik, tik, tik, zima hapo hapo. Hiyo imeumia kweli, na kila ukiiwasha unaikwaruza zaidi. Tafuta mtu wa kazi hiyo.

Wenye laptopu mpya pia mjichunge: kama Windows imefunga diski na BitLocker, ukiihamisha itaitisha namba 48. Zitafute kwa akaunti yako ya Microsoft kabla hujashika bisibisi.

Yetu ilifunguka saa nne usiku. Picha ya kwanza, kogo nje ya jikoni anasafisha sotet ya mursik, kidole cha mpiga picha kimeziba kona nzima. Mjomba akasema hicho kidole ni chake. Sai ziko kwa laptopu yangu, kwa flashi yake na kwa simu ya mathe.