Hesabu ya Nauli ya Mzigo Uliopangwa Juu ya Chaga

Mkulima, usikubali bei ya mnunuzi wa ng'ambo kabla hujajua nauli ya mzigo wako. Wengi hudhani kwamba mzigo mwepesi hulipiwa kidogo. Sivyo. Katika kontena la kushirikiana, nauli ya meli huhesabiwa kwa tani au kwa mita ya ujazo, na hufuatwa kipimo kilicho kikubwa.

Chukua mfano wa kilo 300 za choya kavu juu ya chaga moja ya mbao.

1. Pima urefu, upana na kimo, pamoja na chaga yenyewe. Gunia likitokeza nje, pima mpaka ukingo wake.

2. Zidisha: 1.2 × 1 × 1.5 = mita za ujazo 1.8. Uzito wote haufiki tani 0.4, basi utalipia 1.8.

3. Tuseme wakala ataka shilingi 200,000 kwa kila kipimo. Nauli ni shilingi 360,000, yaani 1,200 kwa kilo. Aliyehesabu kwa uzito hutazamia chini ya 270, na hasara ni yake.

Shindilia magunia vema: kimo kikishuka hadi mita 1.25, nauli itakuwa shilingi 300,000.

Kisha ongeza gari la kwenda bandarini, malipo ya bandari, hati na bima. Hakikisha pia chaga ina muhuri kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu. Nchi nyingi huidai.

Hesabu itangulie, mkataba ufuate.