Kuuza Nyumba ya Mzazi kwa Bajeti Ndogo: Hati Kwanza, Rangi Baadaye

Familia nyingi za Mombasa zinapoamua kuuza nyumba ya mama au baba mwenye umri mkubwa, fundi wa rangi ndiye huitwa kwanza. Pesa chache zilizopo huishia ukutani. Baadaye wakili wa mnunuzi hugundua kwamba hatimiliki bado ina jina la marehemu, au kodi ya ardhi haijalipwa kwa miaka kadhaa, na mauzo yanakwama. Penye bajeti ndogo, pesa zitangulie kwenye hati, zifuate sehemu zinazoharibiwa na maji, na rangi iwe ya mwisho.

Uamuzi ni wa mwenye nyumba

Ibara ya 57 ya Katiba inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na bila kudhulumiwa. Watoto wanaweza kushauri na kusaidia, lakini nyumba iliyo kwa jina la mzazi huuzwa kwa ridhaa yake, baada ya kuelezwa bei na mahali atakapoishi. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka wote wawili waridhie katika ndoa ya mke mmoja. Ni vyema idhini hiyo iandikwe mapema.

Hati za kutayarisha

Hatua ya kwanza ni kufanya upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi ili kuthibitisha jina la mmiliki na kama kuna mkopo au zuio. Kama mmiliki amefariki, familia hufungua kesi ya mirathi mahakamani. Familia za Kiislamu zinaweza kwenda kwa Mahakama ya Kadhi. Chini ya Sheria ya Urithi, hati ya usimamizi wa mirathi kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi 6, na kabla ya hapo msimamizi haruhusiwi kugawa mali. Kwa hivyo kazi hii ianze kabla mnunuzi hajapatikana.

Kodi ya ardhi ilipwe kwa kaunti na cheti cha kutodaiwa kichukuliwe. Kiwanja kilichokodishwa na serikali hulipiwa pia kodi kwa serikali ya kitaifa. Bili za maji na stima nazo zimalizwe.

Mombasa ina pia nyumba bila ardhi, ambapo nyumba ni ya mzee lakini kiwanja ni cha mtu mwingine. Hapa familia ikusanye mkataba na risiti za kodi ya kiwanja, izungumze na mwenye kiwanja, na imweleze mnunuzi ukweli tangu mwanzo.

Tahadhari kuhusu ushuru

Tangu Januari 1, 2023, ushuru wa faida ya mauzo ya mali ni asilimia 15 ya faida. Hata hivyo, nyumba ya makazi haitozwi ikiwa mmiliki ameishi humo mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuihamisha. Mzazi akipelekwa kwa mtoto wake na nyumba ikapangishwa, msamaha huo unaweza kupotea. Ni busara kuuliza ofisi ya KRA kabla ya kumhamisha. Risiti za ukarabati zihifadhiwe, kwani gharama za kuboresha nyumba hupunguza faida inayotozwa.

Ukarabati unaostahili pesa

Hewa ya chumvi hula mabati na misumari. Mabati yanayovuja yabadilishwe na mifereji ya paa izibuliwe kabla ya mvua za masika. Plasta inayomomonyoka ibanduliwe na ukuta ukauke kabla ya kupigwa upya, kwa sababu rangi juu ya unyevu hutoka haraka. Kuta za mawe ya matumbawe zifanyiwe kazi kwa chokaa, inayoruhusu unyevu kutoka. Bomba zinazovuja na choo kilichojaa vishughulikiwe. Nyaya zilizochakaa zikaguliwe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA.

Jikoni mpya, vigae vya bei na vyumba vya kuongeza viachwe. Mnunuzi huenda akavibomoa, na ujenzi mpya huhitaji kibali cha kaunti. Wenye nyumba za Mji wa Kale wasibadilishe milango ya nakshi wala sura ya nje bila idhini, kwa kuwa eneo hilo limehifadhiwa kisheria.

Kusafisha na kufungua madirisha hakugharimu kitu. Wakati wa kupunguza vyombo, mzee mwenyewe achague cha kubaki nacho. Makaratasi ya kwenye masanduku yasomwe moja moja, kwani hati na risiti za zamani mara nyingi hupatikana humo.

Kujikinga na matapeli

Bei ikadiriwe na mthamini aliyesajiliwa. Wakala wa nyumba anapaswa kuwa amesajiliwa kisheria, naye dalali wa mtaani asikabidhiwe hatimiliki halisi. Mzee asitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi tupu, au asiyosomewa kwa lugha anayoielewa. Wageni wanaokuja kutazama nyumba wapokelewe na jamaa, mzee asiachwe nao peke yake. Malipo yapitie benki kwa mkataba ulioandaliwa na wakili, na pesa ziingie katika akaunti ya mwenye nyumba.